Mpira wa mikono hapa Dar unaishia kidato cha nne, kwanini?

Mhariri habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nalisoma gazeti lako asubuhi pale kwenye meza ya magazeti Rangi Tatu kabla sijafungua banda langu la kuchomelea, siku hela ikiwepo nalinunua kabisa vijana wangu wa kazini nao wanalisoma mpaka kurasa zinachanika. Sijawahi kuandika barua gazetini, ila hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu sasa na naomba unipe nafasi hata kama barua ni ndefu.

Nataka kuongelea mpira wa mikono. Sio wa pete, sio wavu, sio kikapu, nasema hivi kwasababu kila nikiutaja mtu ananiuliza "upi huo, ule wa wadada?" Huu ni ule wa watu saba kwa saba, kipa na wachezaji sita, uwanja mita 40 kwa 20, unadunda unakimbia unaruka unarusha golini. Ukishika mpira una hatua tatu tu na sekunde tatu tu, lazima udunde, utoe pasi au upige. Dakika 30 kipindi cha kwanza, 30 cha pili, na kwa timu za wakubwa magoli 25 au 30 kwa kila upande ni kawaida kabisa, hamna ile ya kukaa dakika 90 mnaondoka sifuri sifuri.

Mimi nimeujua kwa njia ya kazi. Miaka kama minne na kitu iliyopita mwalimu wa michezo wa sekondari moja huku kwetu alikuja bandani na karatasi ya daftari amechora magoli mawili kwa penseli, upana mita 3, kwenda juu mita 2, na milingoti iwe ya skwea ya sentimita 8. Mimi stoo nina skwea paipu za inchi mbili na inchi tatu, na inchi tatu unapata sentimita 7 na milimita 6, nikamwambia mwalimu twende na hiyo maana hakuna mtu atapita na rula uwanjani. Akakataa katakata. Akasema goli la mpira wa mikono lina vipimo vyake dunia nzima, wanaocheza Olimpiki wanapigia goli hilohilo, na yeye hataki watoto wa Mbagala wapigie kitu tofauti. Ikabidi nitafute flati baa ya milimita 4 nikaichomelea ubavuni mwa kila mlingoti, nikapiga grenda mpaka kiungo hakionekani, ikatimia 8. Halafu rangi nayo, nyekundu na nyeupe kwa kupishana, kila kipande sentimita 20, isipokuwa kwenye kona za juu ambapo kipande kinakuwa 28. Nilipima yote kwa futi kamba. Kwakweli mpaka leo ile kazi naionea fahari kuliko mageti yote niliyotengeneza, maana yule mwalimu alinilipa kwa hela ya mfukoni mwake mwenyewe kwa awamu tatu na hakunidhulumu hata shilingi.

Siku ya kwenda kuyasimika ndio nikauona mchezo kwa mara ya kwanza, na nikamwona binti yangu akicheza. Alikuwa kidato cha kwanza pale pale shuleni na hakuniambia kitu, nilikuwa najua anachelewa kurudi kwasababu ya daladala.

Huyu mtoto anatumia mkono wa kushoto. Marehemu mama yangu alihangaika naye sana tangu mdogo, kula kwa kushoto ni adabu mbaya, kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumdharau, kila saa anapigwa kibao kidogo cha mkono "tumia wa kulia", mpaka akawa anakula kwa kulia na kuandika kwa kulia. Lakini kurusha hakuna aliyeweza kumbadilisha. Siku hiyo alikuwa amewekwa pembeni kabisa upande wa kulia wa uwanja, kona kule, ukimwangalia unaona hana goli, mlingoti unamziba, mwanya uliobaki unatosha kupita sahani. Akapewa mpira akapiga hatua tatu akaruka kuelekea ndani ya lile duara la mita sita. Pale chini huruhusiwi kukanyaga, ni pa kipa peke yake, ila hewani ni halali mradi mpira uutoe kabla hujatua. Sasa yeye alivyokuwa hewani mwili ukaenda katikati mbele ya goli, ule mwanya uliokuwa mdogo ukafunguka kama mlango, akarusha kwa kushoto ukadunda mbele ya miguu ya kipa ukaingia. Mimi ni fundi, kona na pembe ndio kazi yangu kila siku, nikaelewa palepale kwanini mwalimu kamweka kule. Mtu wa mkono wa kulia akiruka kutoka kona ile, mkono wake unabaki upande wa nje, goli linazidi kuwa dogo. Wa kushoto anapata goli lote. Mwalimu akanieleza kwamba duniani kote timu zinatafuta watu wa mashoto kwa tochi, wa winga ya kulia na yule wa ndani yake anayepigia kutoka mbali, kwasababu ni wachache.

Nikaanza kufuatilia. Usiku nikiwa na bando naangalia mechi za Ulaya kwenye simu, binti pembeni ananieleza, na hapo ndio nikaanza kujua kwamba kumbe huu mchezo ni ajira, watu wanaingia wana miaka 17 au 18 wanatoka wana watoto wakubwa.

Nitoe mfano wa mmoja tu ambaye mimi na binti yangu tulimfuata mpaka siku yake ya mwisho, Nikola Karabatić wa Ufaransa. Kazaliwa mwaka 1984 mji wa Niš, iliyokuwa Yugoslavia, baba yake Branko alikuwa kipa wa mchezo huuhuu, akaenda Ufaransa kucheza na familia ikahamia huko. Kijana akalelewa Montpellier, na mwaka 2003 akiwa na miaka 19 tu akachukua nao ubingwa wa vilabu Ulaya. Mwaka 2005 akaenda Kiel Ujerumani, akaubeba tena 2007. Akarudi Montpellier, kisha Aix, akaenda Barcelona, akaubeba tena 2015, halafu akaingia Paris Saint-Germain mpaka 2024. Timu ya taifa alianza 2002. Kombe la Dunia mara nne, ubingwa wa Ulaya mara nne, dhahabu ya Olimpiki tatu, 2008, 2012 na ile ya Tokyo. Mchezaji bora wa dunia mara tatu. Mdogo wake Luka yeye alianzia kwenye tenisi, akahamia mpira wa mikono akiwa tayari kijana mkubwa na bado akafika timu ya taifa na kuchukua dhahabu.

Kilichonigusa kwenye habari ya huyu bwana ni goti zaidi ya makombe. Oktoba 2020 ilikatika ile kano ya ndani ya goti, ana miaka 36. Mtu wa miaka hiyo ukisikia kano imekatika unajua basi, imeisha. Lakini yeye alikuwa na klabu, ana mkataba, ana daktari wa upasuaji, ana mtu wa mazoezi ya viungo anayemsimamia, akakosa Kombe la Dunia la Januari 2021 na Julai mwaka huohuo yupo Tokyo anacheza na dhahabu anavaa. Timu ya binti yangu kulikuwa na kipa, mtoto mmoja mwepesi sana, alitegeka goti kwenye uwanja wa sementi uliojaa mchanga, tukamkanda maji ya moto na chumvi, mama yake akamtafutia mtu wa kuchua, ikaonekana limepona. Hakucheza tena. Ana miaka 17. Picha ya goti lake haikuwahi kupigwa kwahiyo mpaka leo hakuna anayejua ndani kuna nini.

Mechi ya mwisho ya Karabatić tuliiangalia wote. Robo fainali ya Olimpiki ya Paris, mwezi wa nane 2024, ilichezewa Lille, Ufaransa na Ujerumani. Ufaransa wako mbele, zimebaki sekunde za kuhesabu, mpira wanao wao, wakatoa pasi ikanaswa, Ujerumani wakasawazisha, dakika za nyongeza Ufaransa wakafa 35 kwa 34. Akaagia hapo. Binti yangu alilia kabisa na mimi nilimwambia usilie, huyu ana miaka 40, amecheza akashiba. Akanijibu neno ambalo ndilo limenifanya niandike barua hii, akasema "Baba mimi mwakani namaliza shule, na mimi nastaafu."

Mhariri lile neno ni kweli tupu. Hapa kwetu mchezaji wa mpira wa mikono anastaafu siku ya mwisho ya UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari. Anaanza UMITASHUMTA shule ya msingi, anaendelea sekondari, mwalimu anajitolea, wilaya inamchagua, mkoa unamchagua, anasafiri na basi na godoro lake kwenda kuwakilisha Dar es Salaam, anarudi na medali ya shingoni, halafu anafanya mtihani wa kidato cha nne na hapo njia inakatika. Binti yangu saa hizi yuko kwenye kibanda cha miamala ya simu anakaa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, ana miaka 18. Medali ipo ukutani juu ya kabati la vyombo. Ule mkono wa kushoto ambao wenzetu wanautafuta kwa tochi sasa hivi unahesabu chenji.

Najua watu wataniambia Baba fulani wale ni wazungu, wana hela, wako wengi. Kwenye wingi hapo naomba tusimame kidogo. Denmark nzima ina watu karibu milioni 6. Sensa ya 2022 mkoa wetu wa Dar es Salaam peke yake tulihesabiwa 5,383,728. Yaani Denmark ni Dar es Salaam na kidogo, basi. Na hao Denmark wamechukua Kombe la Dunia la wanaume mara nne mfululizo, 2019, 2021, 2023 na 2025, na Paris wakachukua dhahabu kwa kuwapiga Ujerumani 39 kwa 26 kwenye fainali. Mchezaji wao mkubwa sasa hivi ni Mathias Gidsel, amezaliwa 1999, yuko Füchse Berlin, mwili wake sio mkubwa kabisa ukilinganisha na wale majitu wanaomkaba, na ni mtu wa mashoto. Iceland nao, kile kisiwa cha barafu, mwaka 2008 kule Beijing walifika fainali ya Olimpiki wakachukua fedha, nchi ya watu laki tatu na kidogo. Laki tatu na kidogo ndio Kigamboni yetu. Fikiria Kigamboni wanapanda kivuko wanaenda Olimpiki wanarudi na medali ya fedha, na nahodha wao pia, Ólafur Stefánsson, alikuwa anarusha kwa kushoto. Kwahiyo wingi sio sababu.

Kuhusu hela, sikatai, wana hela. Tarehe 10 Januari 2024 Düsseldorf waliingia watu 53,586 kuangalia mpira wa mikono siku ya kufungua mashindano ya Ulaya, Ujerumani na Uswisi. Uwanja wa Mkapa unabeba 60,000, sasa jipigie hesabu. Tiketi za watu wote hao ndio mishahara ya wachezaji. Ila na huko kwenyewe sio peponi, Copenhagen kulikuwa na klabu ya AG imeundwa 2010 kwa hela nyingi na mastaa kibao akiwemo Mikkel Hansen, mwaka 2012 ikafilisika ikafungwa, wachezaji wakatawanyika. Tofauti ni kwamba wale walitawanyika kwenda klabu zingine. Hansen akaenda Paris akakaa miaka kumi, akaja kustaafu Paris hiyohiyo 2024 na dhahabu shingoni. Klabu ikifa kule mchezaji anahama. Huku kwetu shule ikiisha mchezaji hana pa kuhamia.

Tuache Ulaya basi, turudi Afrika maana hapa ndio panaponiuma. Al Ahly mnaijua, Zamalek mnaijua, Esperance mnaijua, kila mwaka Simba na Yanga wakipangwa nao tunakosa usingizi. Hizo klabu zote zina timu za mpira wa mikono, na ni timu kubwa, zinagombea ubingwa wa Afrika kama zile za miguu. Petro ya Luanda na Primeiro de Agosto za Angola nazo tunazijua kwa mpira wa miguu, wenzetu wamezipa dada zao timu za mpira wa mikono ambazo zimetawala Afrika, na timu ya taifa ya wanawake ya Angola ndio malkia wa bara hili. Olimpiki ya Rio 2016 walifika robo fainali na kipa wao Teresa Almeida, wanamwita Ba, mama mwenye mwili mkubwa, kilo 98 hivi, dunia nzima ilimshangilia kwa mipira aliyopangua. Primeiro de Agosto ni klabu ya jeshi. Naomba hilo mlishike nitalirudia.

Tunisia mwaka 2005 waliandaa Kombe la Dunia kwao wakawa wa nne, na kijana wao Wissem Hmam akawa mfungaji bora wa dunia kwa magoli 81, baadaye akaenda Montpellier Ufaransa, kule kule alikokulia Karabatić. Misri walikuwa wa nne Kombe la Dunia 2001 na wa nne tena Olimpiki ya Tokyo, na mchezaji wao Ali Zein akavaa jezi ya Barcelona. Hawa ni Waafrika. Jirani zetu Rwanda, nchi ndogo, wakapewa uenyeji wa ubingwa wa Afrika wa wanaume wa 2026 pale Kigali. Kenya wana timu ya bodi ya nafaka ambayo ni kigogo wa ukanda huu, na wana dada wa Nairobi Water, timu ya kampuni ya maji ya jiji. Sisi tunaungua na bando kuwaangalia.

Sasa mimi sio wa kulalamika tu, na sitaki kuwasahau waliobeba huu mchezo. Majeshi yetu wamefanya kazi kubwa, Ngome, JKT, Magereza, na Nyuki kutoka Zanzibar, bila wao nadhani huu mchezo usingekuwepo kwa watu wazima hapa nchini, nawashukuru kutoka moyoni. Na nimesema Primeiro de Agosto ni ya jeshi, kwahiyo jeshi kuwa na timu sio tatizo hata kidogo, ni mwanzo mzuri. Tatizo ni kwamba ndio mlango pekee uliopo na mlango ule una masharti yake ya urefu, afya, cheti, nafasi, na wapo vijana wengi wazuri ambao hawatafuti kuwa askari. Binti yangu alifanya majaribio na timu moja, siitaji, aliambiwa kiwango chake ni kizuri sana asubiri apigiwe simu. Simu aliichaji kila siku kwa miezi minne. Hata angepigiwa kuambiwa hapana tungeshukuru, angejua moja.

Ninachoomba ni milango mingine miwili mitatu. Simba jina lao kamili ni Simba Sports Club, Yanga ni Young Africans Sports Club, yaani klabu ya michezo, jina limekuwepo hivyo tangu wazee wetu. Barcelona wanafanya, Paris Saint-Germain wanafanya, Al Ahly wanafanya, hata sisi tuliona walivyoanzisha Simba Queens na Yanga Princess watu walivyokuja juu mwanzoni kwamba nani ataangalia, leo wasichana wanasajiliwa wanapigwa picha na jezi mpya na wengine wanavuka mipaka. Timu ya mpira wa mikono inahitaji watu 14 mpaka 16, haihitaji nyasi, haihitaji kumwagiliwa. Siku Simba na Yanga wakicheza mpira wa mikono hata mechi moja tu ya kirafiki pale Uwanja wa Ndani wa Taifa, nina uhakika watu watajaa mpaka nje, maana mtani ni mtani hata mkicheza bao.

Na makampuni ya hapa mjini, ya maji, ya umeme, ya bandari, mabenki, zamani tunakumbuka timu za mashirika zilivyokuwa zinalea wachezaji, mtu asubuhi yuko ofisini jioni mazoezini, akiumia anatibiwa kama mfanyakazi, akichoka mguu anabaki na kazi yake. Hiyo kwa mchezo kama huu ndio ingekuwa ajira ya kweli. Sisemi waanze na mishahara ya Ulaya. Waanze na binti mmoja ameajiriwa kwenye dawati la mapokezi na saa kumi anaruhusiwa kwenda mazoezi, na ana kadi ya bima mfukoni siku goti likigoma.

Wewe mhariri nawe nina ombi kwako na naomba usinichukie. Nimeliangalia gazeti lako wiki tatu kwa makusudi, kurasa za michezo zote. Usajili wa Simba na Yanga upo kila siku, nani katua, nani anakuja usiku, nani kaonekana uwanja wa ndege, na mimi ni shabiki nazisoma zote. Ila mashindano ya shule ya wilaya yetu yalichezwa wiki hiyohiyo na matokeo hayakuandikwa hata mstari mmoja. Mtoto akifunga magoli tisa akaona jina la shule yake gazetini, yale maandishi madogo kabisa ya pembeni kule chini, baba yake anakata kile kipande anakiweka kwenye pochi. Anakionyesha kazini. Bosi wake anakiona. Kocha wa timu fulani anajua kumbe Mbagala kuna mtu. Mlango mwingine unafunguliwa hivyohivyo tu. Naomba nafasi ya matokeo ya mpira wa mikono, sentimita tano, mara moja kwa wiki. Walimu wako tayari kuyatuma wenyewe kwa meseji, nimeshaongea na watatu.

Na kwa upande wangu nasema mbele ya wasomaji wote, shule yoyote ya serikali ndani ya Temeke inayotaka magoli ya mpira wa mikono, ilete skwea paipu, flati baa, rangi na fimbo za kuchomelea, kazi nafanya bure. Vipimo ninavyo kichwani sihitaji karatasi. Nyavu mtafute wenyewe, mimi ndoano za kufungia nyavu nachomelea nyuma ya mlingoti, kila baada ya sentimita 20, na nazikunja kwa ndani ili zisimchane mtoto mkono. Kwa goli moja nahitaji siku mbili, moja ya kuchomelea na moja ya rangi, jua likiwepo.

Binti yangu bado anafanya mazoezi. Akishafunga kibanda saa tatu usiku anakuja bandani kwangu, nimemchorea goli ukutani kwa chaki, mita 3 kwa 2, na taa ya nje naiacha inawaka. Anaruka anarusha mpaka saa nne. Mpira tulionao sio wenyewe, tulizunguka Kariakoo siku nzima kutafuta saizi namba mbili ya wanawake tukaambulia mpira mdogo wa miguu, tukaupunguza upepo kidogo ili vidole vishike. Juzi alipiga kona ya juu kushoto mara kumi na moja kati ya kumi na tano. Nilikuwa nimekaa pale kwenye stuli nahesabu.

Wako msomaji,
Fundi wa kuchomelea, Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam